Kongosho laini, mrija mwembamba: kisiki kishonwe wapi baada ya Whipple?

Swali: *Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tatu wa mafunzo ya ubingwa wa upasuaji katika hospitali ya rufaa. Wiki ijayo tuna mgonjwa wa miaka 52 mwenye uvimbe kwenye papila ya Vater (mlango wa nyongo na kongosho kwenye duodeni), atafanyiwa Whipple, yaani kuondolewa kichwa cha kongosho pamoja na duodeni. CT inaonyesha mrija wa kongosho wa milimita 2 tu. Bingwa wetu mmoja anataka kisiki, yaani kongosho linalobaki, kishonwe kwenye jejuni (utumbo mwembamba unaofuata duodeni), mwingine anasema kongosho la namna hii lipelekwe kwenye mfuko wa tumbo. Nimesoma, nimezidi kuchanganyikiwa. Kipi bora, na kwa nini? Hapa kwetu hatuna mtu wa kuziba mishipa ya damu kwa katheta.*

Jibu: Marahaba, Daktari. Mabingwa wako wote wawili wana hoja, na tafiti zilizogawa wagonjwa kwa kura hazijampa yeyote kati yao ushindi. Lakini ile sentensi yako ya mwisho, kwamba hamna mtu wa kuziba mishipa kwa katheta, ndiyo inayoniamulia. Kwenu ningeshona kwenye jejuni, mrija kwa utando (mdomo wa mrija kwenye utando wa ndani wa utumbo), nikitumia nyuzi za mtindo wa Blumgart, zile za umbo la U zinazopita kongosho mbele hadi nyuma. Ningeweka stenti (kijimpira ndani ya mrija) inayotoka nje ya ngozi, ningefunika kisiki cha ateri ya gastroduodeni inayokatwa katika upasuaji huu, na ningekuwa na akiba mbili, kutumbukiza kisiki ndani ya jejuni au njia ya tumbo, endapo mrija hautashikika. Hayo ni kama bingwa atakayeshika sindano siku hiyo ameyazoea. Akiwa amezoea tumbo na matokeo yake ni mazuri, mwacheni ashone tumbo. Si siku ya kujifunzia mshono mpya.

Mgonjwa huyu yuko wapi kwenye ngazi ya hatari

Saratani ya kichwa cha kongosho mara nyingi huziba mrija kwa miezi. Nyuma ya kizuizi mrija hupanuka, kongosho hukakamaa kwa kovu na chembe zinazotoa vimeng'enya hupungua. Kisiki cha namna hiyo hushika uzi vizuri na hutoa maji machache. Uvimbe wa papila, wa duodeni au wa mrija wa nyongo unaweza kukuachia kongosho zima: laini, lenye mafuta, linalotoa maji mengi, na mrija wa kutafuta kwa miwani ya kukuza. Ukikaza uzi kwenye kongosho la hivyo, unapita ndani yake kama waya unavyokata mche wa sabuni. Kila tundu la sindano nalo linaweza kuwa mlango mdogo wa maji ya kongosho.

Alama za hatari ya fistula (maji ya kongosho kuvuja kwenye maungio) zilizochapishwa na Callery na wenzake mwaka 2013 zinahesabika hapo hapo mezani. Kongosho laini ni alama 2. Ugonjwa usiokuwa saratani ya kongosho wala kuvimba kwa kongosho (pankreatitisi) ni alama 1. Mrija wa milimita 5 au zaidi hauna alama, wa 4 ni alama 1, wa 3 ni 2, wa 2 ni 3, na wa milimita 1 au chini yake ni 4. Damu iliyopotea hadi mililita 400 haina alama, 401 hadi 700 ni 1, 701 hadi 1,000 ni 2, zaidi ya hapo ni 3. Jumla ya 0 ni hatari isiyo na uzito, 1 hadi 2 ndogo, 3 hadi 6 ya kati, 7 hadi 10 kubwa.

Mgonjwa wako, kongosho lake likiwa laini kama ninavyotarajia, ana alama 6 kabla damu haijahesabiwa. Mkipoteza mililita 350 anabaki hatari ya kati. Mkipoteza 500 amevuka kwenda hatari kubwa. Katika vigezo vyote vinne ni hicho kimoja tu kilicho mikononi mwenu, na huamuliwa saa kadhaa kabla mtu hajagusa uzi wa kushonea kisiki: wakati wa kutenganisha kichwa cha kongosho na veni ya potali, na wakati wa kukata tishu iliyo kando ya ateri kuu ya utumbo. Pale pasikimbizwe.

Tafiti zinasema nini hasa

Yeo na wenzake wa Johns Hopkins walilinganisha tumbo na jejuni kwa wagonjwa 145, wakachapisha mwaka 1995: fistula asilimia 12 kwa tumbo, 11 kwa jejuni. Mwaka 2013 Topal na wenzake Ubelgiji, kwa wagonjwa 329, walipata asilimia 8.0 kwa tumbo na 19.8 kwa jejuni. Nadhani bingwa wako wa pili anasimama hapo. Kisha Ujerumani wakafanya utafiti wa RECOPANC uliochapishwa 2016, wagonjwa 320: fistula zenye madhara zilikuwa asilimia 20 kwa tumbo na 22 kwa jejuni, yaani hakuna tofauti. Walioshonwa tumboni walitokwa damu zaidi, ingawa miezi sita baadaye walihitaji vimeng'enya vya vidonge kidogo kuliko wenzao. Kilichotabiri fistula katika utafiti ule ni ulaini wa kongosho peke yake, ulioongeza uwezekano takriban mara mbili.

Zisome kwa pamoja. Jejuni ya Wabelgiji ilivuja karibu sawa na ya Wajerumani. Ile asilimia 8 ya tumbo ndiyo haikurudiwa. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu aache mshono anaoujua kwa ajili ya namba hiyo.

Ndani ya jejuni kwenyewe hali ni hiyo hiyo. Berger na wenzake, mwaka 2009, wagonjwa 197, walipata asilimia 24 kwa mrija kwa utando na 12 kwa kutumbukiza kisiki. Bassi na wenzake wa Verona mwaka 2003 hawakuona tofauti kati ya mrija kwa utando na mshono wa tabaka moja. Mshono wa Peng wa kufunga utumbo kuzunguka kisiki ulitoka China mwaka 2007 ukiwa na fistula sifuri, na wengine waliojaribu hawakuipata sifuri hiyo. Blumgart nayo imelinganishwa na mishono ya kawaida Japani na Uingereza bila kuonyesha ushindi wa wazi. Naipenda kwa sababu moja ya mikono tu: fundo lake halikai juu ya kongosho.

Kushona kwenye jejuni, hatua kwa hatua

Kabla ya kukata shingo ya kongosho, weka uzi wa 4-0 (namba ya unene; 5-0 ni mwembamba zaidi) kwenye ukingo wa juu na wa chini, pande zote mbili za mstari wa kukata. Humo zinapita ateri ndogo zinazokimbia urefu wa kongosho, na nyuzi hizo zitakuwa pia vishikio vyako. Ukikaribia mrija, weka dayathemi (kifaa cha kukatia kwa umeme) pembeni ushike kisu. Moto huziba mdomo wa mrija mwembamba, na tishu iliyoungua huoza siku chache baadaye hapo hapo unapotaka ipone. Vinavyotoa damu kwenye uso uliokatwa vishonwe kimoja kimoja kwa 5-0, visichomwe ovyo. Mrija mara nyingi hauko katikati: utafute upande wa nyuma, juu kidogo ya nusu. Usipouona, bonyeza mwili wa kongosho taratibu uangalie tone la maji safi linatokea wapi.

Inua kisiki sentimita 2 kutoka juu ya veni ya wengu. Pungufu ya hapo hutapata nafasi ya sindano za nyuma, na ukizidisha sana unapunguza damu inayolisha ukingo utakaoushona. Vijiveni vinavyoingia veni ya wengu vifungwe kwa uzi kabla ya kukatwa. Vikichanika, hapo ndipo zile mililita 150 zinapotoka.

Jejuni iliyokatwa sentimita 15 hadi 20 baada ya kano ya Treitz, jejuni inapoanzia, ipitishwe kwenye tundu la mesokoloni (utando unaoshika utumbo mpana), kulia kwa mishipa ya katikati ya utumbo mpana. Ncha iliyofungwa ielekee upande wa wengu, na maungio yakae sentimita 3 hadi 5 kutoka nchani. Utumbo ulale wenyewe kando ya kisiki bila kushikiliwa. Ukiona lazima msaidizi auvute, bado hujaulegeza vya kutosha. Rudi kwenye mesenteri yake, utando unaoushika na kuulisha damu.

Sasa nyuzi za Blumgart. Chukua 3-0 au 4-0 ya polidioksanoni yenye sindano mbili. Sindano inaingia mbele ya kongosho sentimita 1 kutoka ukingoni, inatoka nyuma, inashika msuli wa jejuni kwa mlalo, kisha inarudi kutoka nyuma kwenda mbele. Hiyo ni U moja. Weka tatu au nne: juu ya mrija, chini yake, na nyingine ikiukumbatia kwa mbali. Acha sindano zake zikining'inia, usifunge kitu. Tangu U ya kwanza hadi ya mwisho stenti iwe ndani ya mrija, na kila baada ya sindano isogeze mbele na nyuma. Ikikwama, uzi umechoma mrija: utoe, weka upya. Dakika moja ya kukagua hapa inamwokoa mtu na mrija ulionyongwa.

Kwa mrija wa milimita 2, mpira wa kulishia mtoto mchanga wa namba 5 ya Kifaransa unatosha kabisa. Upana wake ni kama milimita 1.7, unapatikana karibu kila wodi ya watoto, na mnaweza kuukatia vitundu vya pembeni wenyewe.

Toboa jejuni upande usio na mesenteri, tundu dogo kuliko unavyodhani, maana utando hutanuka na tundu likawa kubwa kuliko mrija. Nyuzi sita za 5-0 zinatosha: mbili nyuma, moja juu, moja chini, mbili mbele. Kila moja ishike ukuta wa mrija pamoja na milimita 2 hadi 3 za nyama ya kongosho, na upande wa utumbo ishike utando wenyewe. Utando huo hurudi ndani ukajificha chini ya msuli, kisha mtu anajikuta ameshona mrija kwa msuli akidhani ameshona kwa utando. Ziweke zote kwanza, za nyuma zifungwe, stenti isukumwe ndani ya jejuni, ndipo za mbele zifungwe.

Mwisho zirudie zile sindano za U, zishike msuli wa jejuni upande wa mbele na zifungwe hapo. Fundo linakaa juu ya utumbo, na utumbo ndio unaoubana uso wa kongosho. Kaza mpaka vigusane, basi. Ukiona rangi ya kongosho inapauka chini ya uzi, umenyima damu ukingo, na uvujaji wake utaukuta siku ya 4 hadi ya 7 wakati kila mtu ameshaanza kufurahi.

Kuhusu uzi: katiguti isiingie kwenye upasuaji huu. Tangu enzi za Whipple ilijulikana kwamba maji ya kongosho huiyeyusha, na yeye akahamia hariri. Alipochapisha upasuaji wake na wenzake mwaka 1935, kisiki hakikuunganishwa popote, kilifungwa tu. Poliglaktini nayo hupoteza nguvu mapema kwenye maji ya kongosho na nyongo. Polidioksanoni hudumu vizuri zaidi. Kama duka la dawa la hospitali halina, ndugu waambiwe mapema, si asubuhi ya upasuaji.

Kutumbukiza kisiki

Hapa mrija hautafutwi. Jejuni hufunguliwa kwa upana unaokaribia wa kisiki, tabaka la nyuma hushonwa, na kisiki huingizwa sentimita 1.5 hadi 2 ndani ya utumbo, kisha tabaka la mbele hushonwa juu yake. Uzuri wake ni kwamba hata vijimrija vya pembeni vilivyokatwa vinamwaga ndani ya utumbo, na hata mrija wa milimita 1 haukuzuii. Ubaya unaonekana kisiki kikiwa kinene na jejuni ikiwa nyembamba: unakilazimisha, ukingo unachanika. Uso uliokatwa pia unabaki wazi mbele ya nyongo na vimeng'enya vilivyokwisha kuamka, kwa hiyo damu ndogo uliyoipuuza mezani itaonekana wodini. Baada ya miaka, mdomo wa mrija unaweza kusinyaa. Ikitokea mezani mrija umechanika au haupatikani, hii ni akiba nzuri, na wengi wataimudu kwa haraka kuliko njia ya tumbo.

Njia ya tumbo, na kwa nini siianzii kwenu

Hoja zake za kimaumbile ni za kweli. Ukuta wa nyuma wa tumbo umelala juu ya kongosho, kwa hiyo hakuna mvutano. Ni mnene na una damu nyingi. Kimeng'enya cha ukuta wa utumbo kinachoamsha tripsini hakimo tumboni, na asidi nayo haivipendi vimeng'enya vya kongosho, kwa hiyo kilichovuja mapema kina ukali mdogo kuliko kilichochanganyika na nyongo kwenye jejuni.

Lakini inadai kisiki kiinuliwe sentimita 3 hadi 4, karibu mara mbili ya jejuni, na kila sentimita ya ziada ni veni ya wengu na vitoto vyake. Ukuta wa nyuma hufunguliwa upana mdogo kidogo kuliko kisiki, kisha kisiki huvutwa ndani sentimita 2 hivi na kuzungushiwa uzi wa mkoba, mmoja au miwili. Wengi hufungua pia ukuta wa mbele ili waone na washone kwa ndani, na hilo ni jeraha jingine la kufunga. Uzi wa mkoba ukilegea, maji yanapita pembeni. Ukikazwa kupita kiasi, kisiki kinakosa damu kama nilivyoeleza juu.

Kisha kuna damu. Uso wa kisiki umelala kwenye asidi, na mishipa midogo iliyoonekana imekauka inafunguka usiku wa kwanza au wa pili. Penye endoskopi (kamera ya kuingizwa mwilini) ya saa 24, damu hiyo hufikiwa kwa mdomo na kuzimwa. Ni faida ambayo jejuni haina. Kwa hiyo swali la kuwauliza mabingwa wako ni hili: saa nane usiku, nani atakuja na endoskopi? Kama yupo, hoja ya bingwa wa pili inapata nguvu. Kama hayupo, mgonjwa anarudi thieta kufunguliwa tumbo kwa damu ya mshipa wa milimita 1.

Kutenga kitanzi cha utumbo cha peke yake (kitanzi cha Roux) kwa ajili ya kongosho, ili nyongo isikutane na kisiki, ni wazo linalovutia kwenye karatasi. Tafiti kadhaa za kura, mmoja wao kutoka Mansoura, Misri, hazikuona fistula ikipungua. Unaongeza maungio na muda. Nisingefanya.

Stenti ya nje na dawa za kupunguza maji

Stenti ya ndani hukaa tu kushikilia njia, kisha hutoka yenyewe na kinyesi. Ya nje inafanya zaidi: inapeleka maji ya kongosho kwenye mfuko nje ya mwili huku maungio yakipona. Poon na wenzake wa Hong Kong mwaka 2007 walipata fistula asilimia 6.7 kwa waliowekewa ya nje na 20 kwa wasiowekewa. Pessaux na wenzake Ufaransa mwaka 2011 walipata 26 dhidi ya 42. Kwa mrija wa milimita 2 nakubaliana nao. Ipite ndani ya jejuni, itokee sentimita kadhaa mbele kupitia handaki dogo la msuli wa utumbo, kisha nje ya ngozi. Ukuta wa utumbo pale inapotokea ushonwe kwenye ukuta wa fumbatio (si mfuko wa tumbo) kwa ndani. Kinachokwenda vibaya mara nyingi ni cha kijinga: mgonjwa anageuka, mpira unachomoka siku ya 2. Ushoneni kwenye ngozi mahali pawili, uandikeni jina ili usichanganywe na mipira mingine, na uchorewe alama ya urefu. Hukaa wiki 4 hadi 6 kisha huvutwa kliniki.

Dawa ya pasireotaidi ilipunguza uvujaji kutoka asilimia 21 hadi 9 katika utafiti wa Allen na wenzake wa 2014, wagonjwa 300, lakini bei yake iko mbali na wagonjwa wengi. Oktreotaidi ina matokeo yanayopingana. Kama fedha ya familia ni ya kuchagua, inunue uzi mzuri kwanza.

Maungio mengine mawili

Njia ya nyongo ishonwe sentimita 10 hadi 15 mbele ya kongosho kwenye jejuni ile ile, tabaka moja, nyuzi za 5-0 moja moja kama mrija wake ni mwembamba kuliko milimita 6. Tumbo au duodeni iungwe sentimita 40 hadi 50 mbele zaidi, ikipita mbele ya utumbo mpana. Kuhifadhi pailorasi (mlango wa kutokea wa tumbo) au kuiondoa hakujaonyesha tofauti ya kudumu katika tumbo kuchelewa kumwaga. Ukijikuta unatumia nusu saa kubishana juu ya hilo, rudini kwenye kisiki.

Ateri, mipira na siku za mwanzo

Mgonjwa wa Whipple mara nyingi hauawi na fistula yenyewe. Anauawa na damu inayofuata, maji ya kongosho yakishatafuna ukuta wa ateri, hasa kisiki cha ateri ya gastroduodeni. Kwenu, bila katheta, hapa ndipo pa kuwekeza. Kabla ya kuikata, ibane kwa kidole au klempu uhisi kama ateri ya ini bado inapiga. Ikizimika, ini linalishwa kwa nyuma kupitia hiyo kwa sababu ateri ya siliaki imebanwa, na hiyo hamwezi kuikata hivi hivi. Ikiwa salama, acha kisiki cha milimita 5 hadi 10, kifungwe mara mbili, kimoja kikiwa cha kuchoma kwa 5-0 ya polipropilini. Kisha chukua kano ya falsifomu, au kipande cha omentamu (pazia la mafuta la tumboni) chenye damu yake, ulaze kati ya ateri na maungio ya kongosho. Fanya hata ukichoka.

Weka mipira miwili ya kutolea majimaji, mmoja nyuma ya maungio ya nyongo, mwingine karibu na ya kongosho bila kuyagusa wala kulalia mshipa. Amilesi (kimeng'enya cha kongosho) ya mpirani ipimwe siku ya 1 na ya 3. Katika utafiti wa Bassi wa 2010, waliokuwa na amilesi isiyozidi 5,000 siku ya 1 walinufaika mipira ilipotolewa siku ya 3 badala ya kuachwa siku 5 au zaidi. Kwa mgonjwa wa alama 6 au 7, amilesi ikizidi hapo, iacheni. Kwa kipimo cha kimataifa, amilesi ya mpirani inayozidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu siku ya 3 au baadaye, pasipo madhara kwa mgonjwa, ni uvujaji wa maabara tu, na tangu marekebisho ya 2016 hauitwi fistula. Mpira ukibaki zaidi ya wiki 3, au mkilazimika kuweka mwingine kwa ajili ya majimaji hayo, ni fistula ya daraja B. Akirudishwa thieta, kiungo kikishindwa kufanya kazi, au akifariki kwa sababu yake, ni daraja C.

Angalieni rangi kila zamu. Maji safi yakigeuka kahawia chafu au kijivu, kuna kinachooza. Na sikia hili vizuri: baada ya saa 24 za kwanza, damu yoyote mpirani au kwenye mpira wa pua, hata vijiko viwili ikakoma yenyewe, ni onyo. Damu kubwa inaweza kufuata ndani ya saa chache. Wenye katheta hupiga CT ya mishipa na kuziba. Ninyi amueni leo, kabla ya upasuaji: hospitali gani itampokea, gari lipi, simu ya nani, chupa ngapi za damu zitakuwa akiba. Mgonjwa aliye imara apelekwe kwenye onyo lile la kwanza. Asiyeweza kusafiri afunguliwe.

Mkifungua kwa uvujaji mkubwa, msishone upya maungio ya kongosho. Tishu iliyovimba haishiki uzi, na siku tatu baadaye mtakuwa mmerudi pale pale. Osheni, wekeni mipira mipana, na kama maungio yameachia kabisa, ingizeni mpira ndani ya mrija wa kongosho mtoe maji yote nje, jejuni ifungwe. Kuondoa kongosho lililobaki ni hatua ya mwisho kabisa: anayeishi bila kongosho ana kisukari kinachopanda na kushuka kwa ghafla, na bila insulini ya uhakika, kipimo cha nyumbani na mtu wa kumwamsha sukari ikishuka usiku, umemwokoa Jumatatu ili umpoteze baada ya miezi.

Akienda nyumbani salama, vimeng'enya vya vidonge viandikwe tangu mwanzo, uniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi (kimeng'enya cha mafuta) kwa mlo mkubwa na nusu yake kwa mlo mdogo, vimezwe katikati ya chakula. Aongezewe dawa ya kupunguza asidi. Kinyesi kikiendelea kuelea na kung'aa mafuta huku uzito ukishuka, ongezeni dozi kabla ya kumwambia aache mafuta, na pimeni sukari kila anaporudi kliniki.